Siku Nilipompeleka Dada Akalinde Ndege

Mimi ndiye yule. Ukifika gati la Nyamisati ukasikia mtu anaulizwa, "Mwenyekiti, ndege hawajambo?" na wapakia mizigo wote wakaangua kicheko, ujue anayeulizwa ni mimi, Selemani, mwenyekiti wa kitongoji, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye siku hizi ananunua sukari yake haraka haraka na kurudi botini kichwa chini. Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, maana kila mmoja anaongeza chumvi yake (wapo wanaosema nilitumbukia majini, mimi sikutumbukia majini, nilisimama kwenye tope, ni mambo mawili tofauti), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe nipate aibu yangu kamili bila nyongeza.

Ilianza na simu ya mtendaji wa kijiji. Akasema wanakuja wadadisi wa utafiti wa afya, safari hii wanauliza na mambo ya akili, kwa hiyo mwenyekiti hamasisha watu wako. Sasa mimi kuhamasisha ndiyo kazi ninayoijua kuliko hata kulima. Tukaitwa viongozi pale zahanati, akaja kiongozi wa hao wadadisi, Bi Tunu, mwanamke mwembamba mwenye mabuti makubwa ya mvua na sauti ya upole, akatueleza vizuri, akasema kila mahali watakapokuta watu wenye maradhi ya akili ataletwa muuguzi na dawa kila mwezi hapo hapo zahanati, lakini wasipowakuta basi muuguzi ataenda kwa wenye shida. Nilitaka kumkumbatia. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo, mimi nilikuwa na machozi kabisa, kwa sababu hiyo shida naishi nayo nyumba moja.

Dada yangu Mwanaidi ni mkubwa wangu, tumbo moja. Amekaa kwangu tangu ndoa yake ilipovunjika, na ndoa yake ilivunjwa na maradhi. Dawa zikiwepo ni mtu kama watu, anasuka mikeka, anagombana na wifi yake juu ya chumvi, anacheka na wajukuu. Dawa zikiisha ndipo kazi inapoanza. Hapigi mtu wala hatukani mtu, ila anatoa vyombo nje. Vyote! Sufuria, vikombe, magodoro, kabati la nguo, mtungi, hata mlango kama bawaba zimelegea, anavipanga uani kwa mistari na kusema nyumba imekabwa haipumui, na katikati ya kazi anazungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Ukimzuia utajua kelele ni nini. Na hizo dawa zenyewe tunazifuata hospitali ya Utete, ambako kwa mtu wa visiwa vya delta kama sisi maana yake ni boti mpaka Nyamisati, gari mpaka Kibiti, gari jingine tena, na boti yenyewe haiondoki mpaka maji yajae, kwa hiyo mara nyingi dawa zinakwisha sisi bado tunahesabu siku za bamvua, maji yajae.

Nikarudi kitongojini nikachukua kipaza sauti, nikazunguka njia zote. "Jamani ee! Kila mtu ahojiwe! Asifichwe mtu! Mgonjwa si aibu!" Nilisema kwa mdomo wangu huu huu, na wanaonicheka leo walikuwa wamesimama milangoni wananisikiliza.

Basi. Jioni ya kuamkia siku ya wageni narudi nyumbani, nakuta kabati la mke wangu liko uani linatazama mnazi. Magodoro yamepangwa. Vikombe vimepangwa. Dawa zilikuwa zimekwisha siku chache nyuma na mimi, kwa shughuli za uhamasishaji, nilikuwa sijaenda kuzifuata (naomba msinitazame hivyo). Na wageni kesho yake wangekula kwangu, maana mgeni wa kitongoji hula kwa mwenyekiti, na mtendaji naye angekuwepo, na kuku alishafungwa kamba mguuni. Nikasimama katikati ya vikombe nikawaza jambo moja tu: Yarabi, siku moja hii ipite bila vurugu, moja tu.

Nikakumbuka maneno ya Bi Tunu kule zahanati. Alisema wanaoandikwa katika kaya ni wale waliolala hapo usiku wa kuamkia mahojiano. Akili yangu, ambayo haijawahi kupimwa na utafiti wowote, ikashika hapo hapo kwenye kulala. Kwa asiyejua kwetu, mashamba ya mpunga yako ng'ambo ya mto, na mpunga ukianza kutoa masuke watu huhamia huko, mtu anajenga dungu lake, kibanda juu ya nguzo ndefu ili maji yapite chini na viboko wasimfikie, anakaa humo mpaka mavuno, mchana anafukuza ndege, usiku nguruwe. Kwa hiyo mtu kutolala nyumbani, msimu huo, si jambo la kuulizana. Dungu letu lilikuwa tupu. Mnaona lilivyokuwa jambo dogo?

"Dada," nikamwambia, "ndege wanatumalizia mpunga. Nikupeleke dunguni."

"Saa hizi?" Alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. "Saa hizi ndege wamelala, Selemani."

"Wanaamka mapema mno."

Akanitazama, akautazama uwanja. "Nivirudishe ndani kwanza?"

"Viache, atavirudisha wifi yako."

"Wageni wanakuja," akasema. Hakuuliza, alisema tu, kisha akaenda kuchukua khanga zake.

Mke wangu, Mama Shani, alikuwa mlangoni kashika kiuno. "Baba Shani, asubuhi nzima umetupigia kelele asifichwe mtu."

"Simfichi. Kwani dungu si mahali?"

"Ni mahali. Kalale wewe basi."

Nikapakia mtumbwini mkeka, sufuria, mchele, samaki wakavu na chandarua, nikamsaidia dada kupanda. Pale ukingoni nikamkuta jirani yangu Abdala anashona wavu. Abdala ana kijana wake mkubwa, Hamisi, ambaye yakimjia hujifungia ndani siku nyingi bila kusema na mtu wala kuoga.

"Mwenyekiti, wapi jioni hii?"

"Shamba. Dada anakwenda kuamia ndege." Na hapo ningenyamaza, mambo yangeishia hapo, lakini mimi mdomo wangu haujui kufunga duka, nikaongeza, "Si unajua tena, kesho anayeandikwa ni aliyelala nyumbani."

Abdala akaacha kushona. "Aaa," akasema. Alivyoisema hiyo "aaa" ingebidi nigeuze mtumbwi pale pale.

Nilimwacha dada dunguni, nikamwashia moto, nikamwambia kesho alasiri nitamfuata. Wakati narudi nikapishana na mtumbwi wa Abdala, kisha na mwingine, kisha na mwingine, yote inaelekea mashambani, na watu wamekaa ndani wamejifunika khanga na mashuka. Mimi mjinga, wallahi mjinga, nikawapungia mkono nikawapongeza kwa sauti, "Vizuri sana! Mwaka huu mmeamua!" Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba watu wa kitongoji hiki sasa wanajua maana ya kilimo.

Asubuhi wakashuka Bi Tunu na wenzake na vishikwambi vyao kwenye mifuko ya nailoni, tukaanza nyumba kwa nyumba, mimi mbele napiga hodi, wao nyuma. Maswali mengi: maji mnachota wapi, chandarua mnalalia, homa, kikohozi, mpaka linakuja lile la akili, ambalo Bi Tunu aliliuliza kwa adabu sana, kama mtu anayeomba kupita mbele ya wanaoswali. Kwa Abdala, hakuna. Hamisi? "Hakulala hapa." Nyumba ya pili, kwa Bi Fatu, ambaye mumewe amekuwa akilia peke yake tangu wenzake walipozama na boti, hakuna. Mume yuko wapi? "Hakulala hapa." Nyumba ya tatu, ya nne, kila nyumba, hakulala hapa, hakulala hapa, neno kwa neno, watu wamekariri kama watoto wa madrasa, na kila anayelisema ananitupia jicho mimi kunionyesha kwamba mwenyekiti tumekuelewa.

Hasira zikanipanda! Nikasema moyoni, watu gani hawa jamani, mtu anamfichaje mgonjwa wake na dawa ndiyo hiyo inakuja mlangoni, mimi nimekauka koo kwa kipaza sauti, mimi nimehangaika na viongozi, halafu wao wanaleta ujanja (najua, najua, msinikatize). Nilikasirika kikweli kweli. Kwa Bi Fatu nilifikia hatua ya kumkazia macho, naye akanikazia yake, akashinda yeye.

Tukafika kwangu. Kabati limerudi ndani, uani kumefagiwa, wali wa nazi unanukia mpaka kwa jirani. Bi Tunu akaniuliza mimi kama mkuu wa kaya, waliolala hapa jana ni kina nani. Nikawataja wote kwa mpangilio mzuri. Kuna mwingine? Hakuna mwingine. Kuna mwenye tatizo la akili katika kaya hii? Nikasema, "Alhamdulillahi, hapana." Nilimwingiza na Mungu katika huo upuuzi wangu. Mke wangu alikuwa anapakua wali. Akaweka upawa chini, akaingia ndani, na hakutoka tena, wageni wakajipakulia wenyewe.

Baada ya kula Bi Tunu akafanya hesabu zake, akanigeukia na uso wa furaha. "Mwenyekiti, hongereni. Kitongoji chenu hatujapata hata mtu mmoja."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kwa hiyo yule muuguzi nitapendekeza aende kwingine, kwa wenye uhitaji."

Mtendaji alikuwa anachokonoa meno ananiangalia. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya: ile safari ya Utete niliyokuwa naililia, ile ya kubembeleza boti na dada anatetemeka, nilikuwa nimeirudisha kwa mikono yangu, na si kwa dada peke yake, kwa kijana wa Abdala, kwa mume wa Bi Fatu, kwa wote. Nikajiambia nitamweleza Bi Tunu faraghani tukiwa botini, maana ilikuwa lazima niwasindikize mpaka kitongoji cha pili. Faraghani! Mtu mwenye aibu hupenda sana hilo neno.

Tukapanda boti. Mtendaji akarudi kwake. Mimi nikakaa karibu na Bi Tunu, nikakohoa, nikaanza, "Bi Tunu, kuna jambo dogo," na boti ikakwama. Maji yalikuwa yanakupwa, nahodha alikatiza njia ya mkato pembeni ya mashamba, na sisi tukakaa juu ya tope tumetulia kabisa, hatwendi mbele hatwendi nyuma, mpaka maji yarudi. Nikainua macho niangalie tumekwama wapi. Tumekwama chini ya dungu langu.

Chini ya dungu, juu ya nyasi zilizolala, vyombo vilikuwa vimepangwa kwa mistari: sufuria yangu, sufuria ya Abdala naijua kwa mkono wake uliokatika, mabakuli, vikombe, mashuka, viatu. Juu ya dungu moshi unafuka na watu wamejaa. Hamisi yupo, ananawa mikono. Mume wa Bi Fatu yupo. Wengine wametoka madungu ya jirani, wamekaa kwa duara wanakula, na katikati kashika upawa ni dada Mwanaidi.

"Wageni hao!" akaita. Dada ana sauti, kipaza changu ni mchezo. "Karibuni! Pandeni, chakula kipo!"

Bi Tunu akanigeukia taratibu. "Mwenyekiti, hawa ni nani?"

"Hao," nikasema, "wanalinda ndege."

"Wote hao?"

Na mimi, jamani, badala ya kusema kweli mlango ukiwa wazi namna ile, nikasema, "Mwaka huu ndege ni wengi."

Ndiyo hiyo wanayonichekea mpaka leo. Nahodha aliyeisikia ndiye aliyeifikisha Nyamisati, na sitamsamehe.

Bi Tunu hakucheka. Alikunja suruali ndani ya mabuti, akashuka topeni, akaenda akapanda ngazi ya dungu na kishikwambi chake kwapani. Nikamfuata mbio, tope mpaka magotini, napita katikati ya vikombe nisivikanyage. Nilipoweka mguu ngazini namsikia anauliza, "Jana usiku mmelala wapi?" Wakajibu, "Hapa na hapo jirani." "Mnakula pamoja?" Dada akasema, "Chungu kimoja tangu jana." Bi Tunu akafikiri kidogo, akasema basi hii ni kaya, haikuandikwa. "Mkuu wa kaya ni nani?"

"Mimi," akasema dada.

"Hapana, hapana," nikaita kutoka ngazini, "hiyo siyo kaya, hilo dungu ni langu, mkuu wa kaya ni mimi, mgonjwa huyo hawezi kujibu, mniulize mimi!"

Bi Tunu akainama akaniona. "Mwenyekiti, wewe ulilala hapa?"

"Mimi? Hapana."

"Basi naomba usubiri chini. Mahojiano ni ya faragha."

Nikashuka. Nikasimama topeni kati ya sufuria mbili. Na kama vile hiyo haitoshi, nageuka naona mitumbwi inakuja kutoka kitongojini, Abdala mbele, Bi Fatu nyuma yake, na wengine, kila mtu na bakuli lake limefunikwa kawa, maana walijua boti ya wageni imeshaondoka, wakawa wanawaletea watu wao chakula. Walipoiona boti imekwama pale walishtuka, Bi Fatu akalificha bakuli chini ya khanga, lakini wakageukie wapi, maji yanakwisha chini yao. Wakabaki katika mitumbwi yao. Na ile faragha, jamani, ilikuwa faragha ya dungu lisilo na kuta na mwanamke mwenye sauti ya dada yangu. Kila neno lilitufikia.

"Kwa kawaida unaishi hapa?"

"Naishi kwa kaka. Hapa nimeletwa jana."

"Umeletwa kwa kazi gani?"

"Kwa kazi ya kutoonekana," akasema dada. "Kaka kasema ni ndege. Mimi ndege sijawaona, nimewaona hawa, kila mmoja kaletwa na mtumbwi wake. Nikawapikia."

Hakuna aliyecheka. Abdala aliinamisha kichwa akawa anatazama bakuli. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nimezwe, na nilikuwa mahali pazuri kwa jambo hilo, tope lilishafika mapajani.

Bi Tunu akaendelea, sauti yake ndogo tunaipata nusu nusu. Unaumwa? Naumwa. Dawa? Zimekwisha. Kisha akauliza kama analala vizuri usiku. Dada akasema, "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe, Bi Mwanaidi."

"Maana hospitali anaulizwa kaka. Daktari anamwuliza, analala? Kaka anasema, analala vizuri sana. Wanaandika, tunapewa dawa zile zile, tunarudi." Akaweka upawa chini, nilisikia. "Mimi silali. Nalala macho. Nanyamaza tu nisiwaamshe watoto."

Nimekuwa nikimpeleka dada yangu hospitali tangu watoto wangu wakiwa wadogo. Nimebeba kapu lake, nimemshika mkono njia nzima, nimegombana na makondakta kwa ajili yake, nikajihesabu mimi ndugu wa mfano. Na kila mara daktari alipouliza, mimi nilijibu, haraka, kwa sauti nzuri ya kiongozi, na sikuwahi hata siku moja kugeuka nikamwuliza yeye. Sikuweza kumtazama mtu.

Aliyeanza ni Bi Fatu. Alisimama mtumbwini, bakuli mkononi, akaita juu, "Mwanangu, huyo mwenye shati la bluu ni mume wangu. Muulize na yeye. Muulize yeye mwenyewe." Abdala akafuata, "Huyo kijana ni wangu." Wakaanza kujitaja mmoja mmoja, na Bi Tunu akaita wenzake wapande, wakahoji juu ya dungu, chini ya dungu, mpaka ndani ya mitumbwi, maji yakajaa, boti ikaelea, na hakuna aliyetaka kuondoka. Wakati anashuka Bi Tunu alisimama mbele yangu, mimi bado nimo topeni, akasema, "Mwenyekiti, muuguzi atakuja." Heri angenitukana.

Wageni walipokwenda nikapanda ngazi. Nikamwambia dada nimekosa, anisamehe, afungashe twende nyumbani.

"Nyumbani wapi?" akaniuliza. "Mimi nina kaya yangu. Imeandikwa."

Nikambembeleza, nikamwambia wajukuu watamlilia, nikamwambia viboko. Akasema viboko hawajamficha popote. Mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamfungia wifi yake nguo, dawa ya mbu na nazi, akavuka kumpelekea yeye mwenyewe, nami hakunisemesha mpaka Ijumaa. Kesho yake alfajiri nikafunga safari ya Utete kufuata dawa, na njia nzima, kuanzia gati la Nyamisati mpaka stendi ya Kibiti, habari za ndege zilikuwa zimenitangulia.

Dada alikaa kule mpaka mavuno. Nilikuwa navuka kila baada ya siku mbili tatu, napiga hodi chini kama mgeni, nasubiri mpaka aseme karibu, na siku nyingine hasemi. Muuguzi alikuja kweli. Siku ya kwanza nilikaa nje ya zahanati, kwenye benchi, nimeuma ulimi, dada akaingia peke yake, akakaa ndani sana, akatoka na dawa nyingine ya usiku.

Siku moja baada ya hapo nikavuka, akanikaribisha juu, akanipa uji. Alikuwa ametulia, uso umejaa kidogo. Tukakaa tunaangalia mpunga. Kisha akaniuliza, "Selemani, na wewe unalala?"

"Sijambo, dada."

"Sikuuliza kama hujambo."

Nikataka kusema nalala vizuri sana, lile jibu langu la siku zote lilishafika mdomoni. Lakini kweli ni kwamba silali. Tangu alipohamia kwangu nalala sikio liko mlangoni, nasikiliza kama atatoka kwenda mtoni, kama atavuta sufuria, na sikuwahi kugeuka kitandani kwa nguvu nisije nikamwamsha. Nikamwambia hivyo. Dada akatua kikombe, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Miaka yote hiyo, nyumba moja, ukuta mmoja wa udongo katikati yetu, yeye macho upande wake na mimi macho upande wangu, kila mmoja amenyamaza kimya mwenzake apumzike!

Nilikasirika mpaka nikacheka, akacheka na yeye, tukawatimua ndege wote shambani kwa kicheko. Lakini nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: sitamjibia tena mtu swali lake, awe dada, awe mke, awe jirani, hata nikiombwa. Wadadisi wakija tena nitawaonyesha njia, nitapiga hodi, halafu nitakaa mbali kabisa nisubiri zamu yangu, na wakiniuliza nalalaje, nitawaambia.